Taa Nyekundu Inayompenda Mama Magesa

Jumatano. Tangu asubuhi upepo wa ziwani umepiga mabati mpaka kuku wakagoma kutoka, halafu mchana jua likatoka kama halijui kilichotokea. Na mimi niko hivyo hivyo. Nimekaa hapa kibarazani na simu yangu, sijui nianzie wapi.

Nianzie kwenye gari. Kwa mgeni wa humu: nina gari moja kuukuu, zamani lilikuwa jeupe. Kwenye dashibodi lina taa nyekundu ya breki, alama ya mshangao ndani ya duara. Shule niliishia darasa la nne, lakini alama ya mshangao naijua. Maana yake kuna mtu anakupigia kelele.

Taa hiyo imeanza kuwaka mwezi uliopita. Ingekuwa inawaka moja kwa moja nisingelalamika. Shida ni kwamba inachagua. Nikienda peke yangu Buhare kufuata pumba za kuku, haiwaki. Nikimpeleka mke wangu, Mama Magesa, kanisani Nyegina, inawaka. Tulipokwenda msibani Butiama iliwaka, ikazima, ikawaka tena. Yeye akabaki huko kulala na wafiwa, mimi nikarudi peke yangu. Kimya mpaka nyumbani.

Nikamwambia, "Mama, hii taa inakupenda wewe."

"Imekuona umezeeka," akanijibu, "inatafuta mtu mwenye akili wa kuongea naye."

Huyo ndiye niliyemwoa.

Kuna watu hapa Musoma wanabandikaga plasta juu ya taa na maisha yanaendelea. Nami ningebandika. Lakini Jumamosi Mama Magesa anasubiriwa Mugeta. Dada yake mkubwa hatoki tena kitandani na kila siku anamuulizia. Halafu kijana wetu Magesa, aliyeko Mwanza, amesikia habari za taa, maana mama yake hawezi kukaa na neno. Akatoa hukumu: ugonjwa usipojulikana kabla ya Jumamosi, anakuja mwenyewe kulichukua gari, analiuza, mimi nitapanda basi kama wazee wengine.

Wazee wengine! Mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Kwa hiyo leo nimerudi tena kwa fundi Masatu. Safari zilizopita alishatazama kikopo cha mafuta ya breki, mafuta hayajashuka. Alishafungua magurudumu, pedi bado nene, mabomba hayavuji. Leo akachomoa waya wa kwenye kifuniko cha kikopo, akausafisha, akaurudisha, akabaki anakuna kichwa.

"Mzee, na hendibreki je? Ikikaa juu kidogo tu, inawasha taa hiyo hiyo."

Nikamcheka. Hendibreki mimi situmiagi. Nikipaki naweka jiwe nyuma ya tairi, na jiwe halijawahi kukatika waya. Kile kimkono cha katikati ya viti nilishasahau kama kipo. Pale ni mahali pa Mama Magesa pa kuwekea mkoba, na juu ya mkoba kitenge.

Masatu akafikiri. Kisha akasema, "Kamlete mama. Ugonjwa unaokuja na mgeni unatazamwa mgeni akiwepo."

Nikamleta. Akakaa mbele na mkoba wake na kitenge chake, Masatu akakaa nyuma, tukashika barabara ya Bunda. Mwanzo hakuna kitu. Tulipowakaribia watu waliokuwa wanavuka na mbuzi, taa ikawaka.

"Umeona? Umeona?" nikapiga kelele.

Taa ikazima. Tulipokaribia tuta ikawaka tena, na gari likawa kama linavutwa nyuma. Siku zote nilikuwaga nalihisi hilo nikasema ni uzee wa gari. Nikatazama kwenye kioo, nikamwona fundi ameziba mdomo, mabega yanacheza.

"Simama pembeni, mzee. Gari lako ni zima. Mwambie mama atoe mkono huo chini ya kitenge."

Nikakiinua kitenge mwenyewe. Mke wangu ameikamata hendibreki, kidole gumba juu ya kitufe, kama mtu aliyeizaa.

Hata aibu hakuona. Akatueleza kwamba kwao Mugeta walikuwaga wanalima kwa ng'ombe, na yeye ndiye aliyekuwa nyuma ameshika plau. Ng'ombe wakikurupuka hupigi kelele. Unainua mikono ya plau kidogo tu, jembe linazama, ng'ombe wenyewe wanapunguza mwendo.

"Na wewe ukikurupuka nakuinulia kidogo. Ukitulia, nashusha."

Masatu alicheka mpaka akashuka garini. Na mimi nikacheka, nifanyeje? Nikamwambia, "Mimi nilipeleka ng'ombe kwenu, kumbe mlinihesabu humo humo!"

Yeye hakucheka.

"Nimekushikia sana, baba Magesa. Juzi pale Bunda, yule wa baiskeli, mwenye mkungu wa ndizi, nisingevuta ungempitia."

"Wa baiskeli yupi?"

"Huyo ambaye hukumwona."

Njia nzima ya kurudi nimemtafuta kichwani. Safari ile ya Bunda naikumbuka: mihogo tuliyonunua, askari aliyetupungia mkono tupite, mama aliyenirudishia chenji ya noti iliyochanika. Wa baiskeli hayupo. Na mkungu wa ndizi si sindano. Unakaa mkingamo, unachukua nusu ya barabara.

Sikumwona.

Nilipofika nyumbani nikasimama uani, nikaziba jicho la kulia. Geti la bluu la jirani likawa moshi. Nikaziba la kushoto, geti likarudi. Nikarudia na kurudia mpaka jirani akaniuliza kama namkonyeza mkewe. Nikamjibu ndiyo. Jicho lenyewe halijaniuma hata siku moja. Limeondoka lini bila kuaga?

Magesa akapiga simu. "Baba, shida imejulikana?"

"Gari ni zima kabisa," nikasema. Akafurahi, akakata.

Mama yake alikuwa jikoni anamenya mihogo, amesikia yote, akachukua muhogo mwingine. Afadhali angenitukana. Nikampigia mtoto mwenyewe. Nikamwambia Jumamosi Masatu ndiye atakayetuendesha Mugeta, na Jumatatu ninakwenda kwa daktari wa macho, na funguo nimempa mama yake. Akauliza kwa nini, si gari ni zima? Nikamwambia amuulize mama yake habari za plau. Sasa na yeye huko Mwanza hajui ashike lipi. Vizuri, nisichanganyikiwe peke yangu.

Ila kuna kitu kimoja kimekataa kunitoka. Nataka kumpata yule wa baiskeli nimwombe radhi. Bunda si kubwa hivyo, ningeweza kumtafuta hata kwa miguu.

Lakini nikikutana naye, nitamjuaje?