Pipa la Bluu la Masanja

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimeamka, nimefagia, ndoo zote tupu. Minza alishaondoka kwenda mtoni. Mto wenyewe ni mchanga tu, unachimba shimo unakaa unasubiri maji. Amerudi jua kali, ameshika kiuno. Sikusema pole. Nimemwambia amechelewa.
Mwaka umepita tangu mwanangu Masanja afe na huyu Minza, mke wake, hajaniacha. Kaka zake wa Shishiyu wanapiga simu arudi kwao. Wanadhani masikio yangu yamezeeka. Nataka maji yawe hapa mlangoni. Atakosa sababu ya kuondoka.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimekunja mabati ya banda la zamani yakawa mfereji. Nimeufunga kwa waya chini ya paa. Fundi wa Dutwa alitaka kunionyesha uinamie wapi. Nimemfukuza. Maji yanateremka, hata mbuzi anajua.
Mapipa mawili. La bati lilikuwa la mafuta ya kupikia. La bluu ni la Masanja, jina lake kaliandika mwenyewe kwa rangi nyeupe. Minza huniita Mayu, yaani mama. Akasema, "Mayu, hilo alikuwa anachanganyia dawa ya pamba. Tulitoboe, lisiwekwe maji." Nimemwambia asinifundishe vitu vya mwanangu. Nimeliosha kwa majivu na mchanga mara tatu. Halinuki.

Jumapili, 19 Oktoba
Mvua ya kwanza. Ndogo, ya dharau. Nilikuwa natoka kanisani, nimekimbia na magoti haya. La Masanja limepata kama ndoo mbili. Nilisimama nasikiliza maji yanavyodondoka humo ndani. Nimelia. Hakuna aliyeniona.

Jumanne, 21 Oktoba
Minza anapikia maji ya pipa la bati. La bluu analipita kama lina nyoka. Imeniuma. Nikachota ndoo ya la bluu, nikampelekea ndama wake, mtoto wa ng'ombe ambaye Masanja alimwachia. Nikamwambia Minza aangalie. Ndama alikuwa na kiu, akamaliza yote.
Nikachota na kikombe changu.
"Mayu, subiri basi hata kidogo." Akakitoa mkononi mwangu, akayamwaga. Nikamtukana. Nikamwambia hakumpenda marehemu.
Ugali haujaiva, ndama akaanza kutetemeka. Mate mdomoni. Akaanguka.

Jumatano, 22 Oktoba
Tumemzika ndama. Nyama ile haifai hata kwa mbwa. Minza amechimba, mimi nimesimama. Neno la kusema nilikuwa nalo. Nikasema shimo ni fupi.
Ng'ombe analia zizini, anamtafuta mwanawe. Hanyamazi.

Jumamosi, 25 Oktoba
Kaka yake amekuja na pikipiki. Minza amepiga magoti kuniaga, adabu zake zote. Akasema, "Mayu, lile pipa usinywe." Nikamjibu anayeondoka hana kazi na maji yangu.
Aliposimama alishika kiuno.
Nimeingia ndani nimekuta kikombe changu kimeoshwa, kimefunikwa mezani. Mjinga mimi. Mtu mzima mjinga.

Jumatatu, 27 Oktoba
Nimetia msumari motoni, nimetoboa pipa la bluu. Matundu saba chini. Jina sikuligusa.

Ijumaa, 14 Novemba
Mvua tangu alfajiri. Pipa la bati limejaa, linamwagika. Mfereji hauvuji popote. Ng'ombe nimemnywesha, ameshiba, amelala.
La bluu maji yanaingia juu, yanatokea chini.
Jioni nimejaza mitungi miwili, mazoea tu. Wangu nimeutumia. Wa Minza nimeufunika.