Waya wa Manjano Chini ya Dashibodi

Temple Hills, Maryland

Mdogo wangu Mwanaisha,

Asalaam alaykum, wewe na wote wa hapo Muheza. Magoti yako yanasemaje? Yangu usiyaulize. Na yule mbuzi wako mkorofi aliyetafuna mkeka, yupo bado au mmeshamla? Anayeandika ni mkwe wangu Asha, mimi nasema tu. Nikipotea njia ananirudisha.

Mwenzangu, huku hakukaliki. Tangu tumzike mwanangu Rajabu nyumba imekuwa pana. Ile pikapu yake kuukuu amebaki nayo Asha, ndiyo inampeleka Wheaton kwenye kazi yake ya kuogesha wazee. Wazee wenyewe wana watoto, Mwanaisha, wazima kabisa, lakini hayo tuyaache. Basi gari likagoma. Kila asubuhi akitia ufunguo, kimya. Betri imekufa. Jirani analeta gari lake, wanaunganisha nyaya, linawaka. Kesho yake limekufa tena. Akanunua betri mpya, nayo ikafa vilevile. Bosi wake akamwambia, ukichelewa tena usije. Asha akikosa kazi, sote wawili tunatolewa humu ndani.

Nikasema gari linamlilia mwenyewe. Asha akasema, "Mama, gari halilii, lina ubovu." Huyu naye, hata msibani hana upole. Andika, Asha, ndivyo nilivyosema.

Jumamosi akaja Ilunga, yule Mkongo aliyekuwa anapaka rangi majumba pamoja na Rajabu. Akalala chali, kichwa chini ya dashibodi, miguu nje kwenye baridi. Mimi nikashika tochi. Uzione hizo nyaya, utadhani utumbo wa mbuzi umemwagwa! Kila aliyewahi kulimiliki gari kaweka lake: huyu redio, huyu king'ora, huyu taa. Ilunga anavuta mmoja mmoja, "Mama, hii inaenda wapi?" Namwambia, "Baba, mimi na umeme wapi na wapi?" Anacheka. "Basi shika tochi, mama, usimulike mawingu."

Akaupata mmoja wa manjano, rangi ya bizari. "Hii haiko ya gari. Ni mutu aliiweka. Na iko inakula bateri usiku muzima." Akaufuata kwa kidole, nyuma ya redio, chini ya zulia, mpaka upande ninaokaa mimi. Akainua zulia. Kuna kijamvi chembamba cha umeme, cha kupasha joto, kimeshonewa kwa mkono, mishono mirefu ya kiume.

"Nani aliweka?" Asha hajui. Nikasema si ndilo joto la gari lenyewe hilo, mbona magari yote ya huku yanapasha miguu? Ilunga akanitazama. "Mama, hii gari haina moto. Mashine yake ya joto ilikufa zamani, bomba lilikatwa."

Mwanaisha, kila nikipanda, Rajabu alikuwa anainama chini ya usukani. Namwambia kaa vizuri utatugongesha, naye, "Mama, miguu imepata moto?" Kumbe anabonyeza swichi ya kijamvi. Nikishuka anainama tena, anazima. Asubuhi ile ya mwisho alinishusha kliniki mbio mbio, kazi inamsubiri, hakuinama. Akaenda akaanguka hukohuko kazini. Hakurudi kuzima. Muda wote huu gari lilikuwa linapasha mahali pangu, na mimi tangu msiba sijapanda.

Nikawaambia kiacheni hicho kijamvi, tutakuwa tunazima wenyewe. Ilunga akanionyesha zulia lilivyoungua. "Siku moja itashika moto na Asha ndani." Akashika koleo. "Nikate, mama?" Nikamtazama Asha, Asha akatazama chini. Nikasema kata.

Sasa gari linawaka kila asubuhi. Asha anaondoka, mimi nabaki dirishani na soksi mbili mbili. Hata dua naianza, haifiki mwisho.

Nisalimie shemeji, mumeo, apunguze ugoro. Nisalimie wifi yetu mkubwa, na mwalimu wa chuoni aliyemsomesha Rajabu Kurani akiwa mdogo, asiache kumwombea. Na wale wote uliowasomea barua zangu, nilipojisifu kwamba magari ya Marekani yanapasha miguu, waambie dada alikosea. Letu halikupasha. Alikuwa ni Rajabu.

Mimi dada yako,
Mama Rajabu