Ua Lililolala

Mabela, Maskati
6 Februari 2025

Dada Hamdiya,

Assalaam alaykum. Hujambo, na goti linaendeleaje? Sie wazima, tena wa furaha mpaka naona haya kuandika. Muatasim kila asubuhi kabla ya kwenda kazini Al Khuwair huniachia kijibarua juu ya birika. Leo kaandika, "Mchana mrefu bila wewe." Nimekisoma mpaka maji ya chai yakakauka!

Ua la Mama, lile vabena ulilonipa, limeshika. Nimeliweka chini ya dirisha la jikoni, limetoa vishada vya zambarau, na Muatasim anasema ndiyo rangi ya kanga niliyoingia nayo nyumbani kwake. Dada, yupo mtu duniani mwenye bahati kama yangu?

Mdogo wako,
Jumana

Unguja
20 Machi 2025

Mdogo wangu,

Wa alaykum salaam. Goti lilelile, linapanda ngazi likitaka. Nnacheka peke yangu: wewe uliyekuwa huamki mpaka Mama akumwagie maji, leo unaamka kusoma vijibarua! Allah awadumishe.

Sasa sikiliza. Tangu kaka zetu wasakafie uwani waweke gari, vabena la Mama limebaki hilo lako tu. Nilikupa lote kwa sababu ulikuwa unalia. Nnataka lirudi nyumbani. Kabla ya joto kata vijiti vitatu visivyo na maua, uvichomeke kwenye mchanga wenye unyevu. Vikitoa mizizi, mpe mtu anayekuja huku.

Joto likizidi, ua lenyewe litalala. Lisikutishe. Lipunguze, liweke kivulini, maji kidogo. Baridi ikiingia litaamka.

Dada yako,
Hamdiya

Mabela
22 Juni 2025

Dada mpenzi,

Salamu nyingi, na nisamehe kwa kimya. Goti vipi?

Vijiti sijakata. Kila nikishika mkasi naona limechanua mpaka ncha ya mwisho, na Muatasim ananishika mkono, "Liache, habibti, wiki hii tu." Nani angemkatalia? Sasa joto limefika, majani yamekauka. Limelala, kama ulivyosema. Nimelisogeza nyuma ya tangi la maji. Kesho nakwenda Umra na mama mkwe. Nitakata likiamka, wallahi.

Jumana wako

Mabela
9 Julai 2025

Dada,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima. Mimi sijui nianzie wapi.

Siku ya safari Muatasim aliniuliza, "Ua lako nilifanyeje?" Nikamjibu huku nafunga begi, "Limelala, usilihangaikie." Dada, yeye kazaliwa hapa Maskati, Kiswahili chake amekiokota jikoni kwa mama yake. Kwake kinacholala ni mkate, ni wali, ni samaki. Kikilala kinatupwa.

Nimerudi jana, amenipokea mlangoni, mikono imejaa udongo, anacheka kama mtoto. "Nimetoa lililolala, nimekuwekea bichi!" Mwasumini, Dada, mzuri, una maua matatu. Nikamuuliza chungu kiko wapi. Akasema gari la taka lilipita Jumapili.

Nilitoka nje nikatazama kwenye pipa hata hivyo.

Sikumwambia. Ningesemaje, na furaha yote ile usoni mwake? Lakini nikimpikia chai machozi yananitoka, nasingizia vitunguu asubuhi na mapema. Kama ningekata vijiti ulipotaka! Niandikie, hata kwa kunitukana.

Jumana

Mabela
11 Agosti 2025

Dada,

Goti lako vipi? Naomba neno moja tu.

Jumana

Unguja
5 Oktoba 2025

Mdogo wangu Jumana,

Wa alaykum salaam. Sie wazima. Goti limezoea.

Barua yako iliponifika, fundi alikuwa ameshavunja saruji kando ya ukuta, pale pale lilipokuwa ua la Mama. Kila asubuhi nikifungua mlango naliona lile shimo. Nikishika kalamu yanakuja maneno makali, nikaona afadhali ninyamaze mpaka yaishe. Hayakuisha yote, lakini yamepungua.

Shemeji yangu usimwambie. Kaona kilicholala, kaleta kibichi. Angekuwa muuza samaki Darajani ningemsifu. Mama mwenyewe angecheka, halafu angekwenda chumbani kulia.

Ukija Disemba niletee kijiti cha mwasumini wake. Nimechoka kuliangalia shimo. Na safari hii, akikwambia "wiki hii tu", wewe kata.

Dada yako,
Hamdiya