Mchai Aliouruka Moraa

Mjukuu wangu Moraa,

Nakusalimu kutoka Ekerenyo. Nyanya yako bado anakohoa, na upepo umeangusha migomba. Unauliza hulka ni nini, na neno hilo lilitoka wapi.

Nililisikia miaka ya sitini. Dada yangu, yule uliyepewa jina lake, kila akichuma majani chai aliuruka mchai mmoja wa pembeni. Ukimuuliza sababu, anasema tu, "Huo uacheni." Siku moja baba akachukua panga aukate. Bi Zuhura, Mwislamu wa mjini Kisii aliyekuja kununua ndizi, akamwambia, "Mzee, mwache mtoto. Hiyo ni hulka yake." Akatueleza kwamba neno ni la Kiarabu, linatokana na kuumba: ndivyo mtu alivyoumbwa. Baba akanuna, akaweka panga chini.

Dada hakufikia utu uzima. Baada ya mazishi baba alipogoa shamba lote. Alipofika kwenye mchai ule, aliuruka.

Sasa mchai huo umekuwa mti, wenye maua meupe yasiyo na mnunuzi. Mimi pia nauruka. Vibarua wananicheka, wanasema ni hulka ya mzee. Siwaambii ni ya nani.

Babu yako,
Nyakundi