Matunda Damu Hayakuwa Dawa

Mpendwa Baba,

Shajara yangu ya 1994, Jumanne moja ya Machi, ina mstari huu: "Kliniki na Baba. Daktari kasema matunda damu ni dawa ya sukari." Niliuandika kwa furaha. Ni uongo, na mwongo ni mimi.

Daktari alizungumza Kiingereza, nawe ukanitazama mimi, msichana wako wa kidato cha nne ambaye Kiingereza chake ulikisifu kwa majirani wote wa mtaa wetu wa Jericho. Alisema matunda damu, yale mekundu yenye umbo la yai, yana viini vinavyoweza kusaidia kulinda chembe zinazotengeneza insulini zisiharibiwe na sukari iliyozidi. Kwamba wataalamu bado wanachunguza. Kwamba uyale kwa kiasi, na sindano iendelee. Nilielewa nusu, nikaona aibu kumwuliza.

"Anasemaje?"

"Anasema matunda damu ni dawa, Baba."

"Si nilisema! Ugonjwa wa damu, tunda la damu. Huyu amesoma miaka yote hiyo kugundua jambo ambalo akina mama wa sokoni wanalijua!"

Tulicheka mpaka nyumbani. Kulinda si kutibu. Hilo nililijua hata siku ile. La sindano sikukuambia kabisa.

Wiki iliyofuata ukaacha kujidunga. Mama Njeri, jirani aliyetuhifadhia insulini kwenye friji yake, alikuja mlangoni: "Mzee, hii chupa yako niipikie mboga?"

"Mpe paka wako. Mimi daktari wangu yuko sokoni."

Uliogopa sindano, Baba. Mtu mzima, fundi wa reli, ukajificha nyuma ya neno la mtoto. Kwa hilo bado nina hasira nawe.

Kisha ukaanza kumaliza jagi zima la maji kwa mkao mmoja. Ukakonda. Pumzi yako ikanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, na Mama akakutania, "Umeyala mpaka umegeuka tunda." Nami nikaandika: "Dawa inafanya kazi." Wodini ndipo muuguzi alipotueleza kwamba harufu ile ni ya mwili unaojila wenyewe kwa kukosa insulini, na kwamba daktari wa kliniki alikuwa ameandika sindano iendelee. Ulikuwa huwezi tena kutusikia. Tukakusafirisha nyumbani kwenu Busia ndani ya sanduku.

Ni miaka minne sasa Mama anawaambia wageni kwamba ulikufa kwa ukaidi, kwamba daktari alisema hivi nawe ukafanya vile. Wageni hutikisa vichwa. Mimi huwaongezea chai. Nimekuacha ulaumiwe kaburini ili mimi niendelee kuitwa mtoto mwema aliyekupeleka kliniki.

Mama amerudi kutoka kanisani; namsikia akivua viatu. Ninakwenda kumwambia daktari alisema nini na mimi nilisema nini. Akinifukuza, nitatoka.

Pumzika, Baba. Usiharakishe kunisamehe. Na mimi bado sijakusamehe.

Binti yako wa kwanza