Gurudumu Lenye Homa

Baba,

Wamesema ulikuwa unapika chai. Ndivyo ilivyo kwenye karatasi ambayo mwenye lori alimletea Mama wiki moja baada ya mazishi: dereva aliwasha stovu ndani ya kebini, lori likashika moto. Alitaka Mama atie kidole gumba. Chai yako uliinywa kwangu, hapa kibandani Isinya, kila safari.

Nimekasirika, Baba. Hata kulia sijalia vizuri.

Kabla ya kikombe ulilizunguka lori kwanza, ukigusa kila gurudumu kwa mgongo wa mkono, vile ulivyotugusa paji la uso tukiugua, vile ulivyogusa ndama. Ulisema kiganja cha dereva kimekufa ganzi kwa usukani. "Naserian, hii ya nyuma iko na homa tena." Breki ilikuwa inashika, haiachii. Ulimwambia fundi, ukamwambia mwenye lori. Jibu lake alilituma kwa sauti, nawe ukanirushia kwenye simu: "Mwagia maji, mzee, uendelee. Simiti inangojwa."

Ukamwagia maji miezi mingapi? Siku ile tairi liliwaka ulipopita Kitengela. Walioona wanasema uliegesha, ukashuka na mtungi wa kuzima moto. Mtungi ulikuwa na stika mpya ya ukaguzi, na ndani hamkuwa na kitu. Ukarudi na jerikani la maji. Ndipo tairi likakupasukia.

Halafu eti stovu.

Mama hakutia kidole. Alimwangalia yule mtu, akasema, "Mzee wangu apike chai? Kwa hii nyumba hajawahi hata washa jiko." Nilicheka, Baba, kwa mara ya kwanza tangu uende. Kesho yake nikaipeleka ile sauti polisi Kajiado, pamoja na karatasi yao.

Jana lori lingine la mtu yule lilisimama hapa. Nikalizunguka. La nyuma kushoto lilikuwa linachoma. Nikamwita dereva aguse. Akagusa kwa kiganja, akasema iko sawa. Nikamshika mkono, nikaugeuza.

Aliuondoa upesi. Kisha akazima injini, akaniomba chai.

Lala salama, Baba. Jina lako nitalitoa kwenye ile karatasi, hata wakinizungusha vipi. Na lori la mtu yule halitapita hapa kabla sijaligusa.

Naserian wako