Wiki Ambayo Wifi Yako Hakuwepo

Nyumba ya kona,
nyuma ya kiwanda cha mabati.
Jumanne, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu Kiduchu,

Salamu nyingi kutoka kwa kaka yako. Goti lako linasemaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanalalamika? Nijibu, maana siku hizi kucheka kwangu ni kwa kubahatisha.

Mimi sijui kama ni mzima. Wala sifanyi mzaha.

Nilikuambia kwamba binti yangu muuguzi alifunga vidude humu ndani tangu wifi yako aanze kupoteza kumbukumbu. Ni vidogo, ukubwa wa kipande cha sabuni. Kimoja kiko mlango wa uani, kimoja kitandani, viwili jikoni. Havipigi picha. Vinajua tu kwamba mtu amepita, mlango umefunguliwa, jiko limewaka. Habari zote zinaingia kwenye simu ya binti yangu, na kila Ijumaa anakuja kunisomea.

Kwa miezi mitatu amenisomea visa. Mlango wa uani umefunguliwa mara kumi na moja asubuhi moja. Jiko limewaka dakika arobaini, jikoni hakuna mtu. Mimi namgeukia wifi yako, namfokea. Naye ananitazama kwa upole, anasema, "Si mimi, mume wangu." Namjibu, "Sasa ni nani, paka?" Na hatufugi paka. Niliona ni utani mzuri kweli.

Mwezi uliopita presha ikampanda, akalazwa siku tisa. Nikabaki peke yangu, nashona sare za shule. Ijumaa binti yangu akaja, akakaa kwenye meza ya kukatia, simu mkononi.

"Baba, nani alikuwa anakaa na wewe wiki hii?"

"Nani akae na mimi? Niko peke yangu."

Akanisomea. Mlango wa uani, mara kumi na tatu. Jiko limewaka saa nzima, jikoni hakuna mtu. Nikamwambia vidude vyake vimeharibika. Hakubishana. Akaanza kupanga vitambaa nilivyokata, kisha akaniita niangalie. Mikono ya mashati thelathini na miwili, yote ya kushoto. Kiduchu, nimeshika mkasi miaka arobaini na moja.

Wifi yako amerudi. Nimemwomba radhi kwa yote niliyomfokea. Ameshasahau nilimkosea nini. Alinifuta machozi akaniuliza ni nani kanionea.

Sasa tuko wawili humu, na dawa zake nampa mimi. Leo asubuhi nimekuta kisahani cha vidonge kitupu, na sikumbuki kama nimempa mara moja au mara mbili. Amelala tangu wakati huo. Anapumua, nimeinuka mara tatu kumsikiliza tangu nianze barua hii. Nimempigia binti yangu. Anasema hii ni mara ya nne nampigia, na yuko njiani.

Daktari ataniona mimi Jumatatu ijayo. Naogopa, mdogo wangu. Njoo ukae nasi.

Msalimie shemeji, na mpwa wangu fundi magari. Mungu akufikishe salama.

Na ukipata barua yangu nyingine inayosema sote hatujambo, usiiamini. Panda gari uje.

Kaka yako akupendaye,
Fundi